Saa za Msaidizi Hazipimi Msaada wa Mwanafunzi

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anapouliza shule itamsaidia vipi mwanawe, jibu huja mara nyingi kwa hesabu: atapata msaidizi kwa saa kadhaa kwa wiki, atatoka darasani mara mbili kwenda kwa mwalimu wa elimu maalumu, na jina lake litaingizwa kwenye rejista ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Jibu hilo humpa mzazi nafuu, kwa sababu baada ya muda mrefu wa kuzungushwa angalau ameahidiwa kitu kinachohesabika. Hata hivyo, swali zito zaidi linabaki bila kuguswa: mwalimu wa somo, yule anayesimama mbele ya darasa zima kila siku, atabadilisha nini katika ufundishaji wake kwa kuwa mtoto huyu yumo darasani? Ninaamini kwamba msaada wa shule unapaswa kupimwa hapo kwanza, na kwamba mazoea ya kuupima kwa saa za mtu mzima anayeketi kando ya mtoto yamewanyima wanafunzi wengi kile walichokuwa na haki nacho, yaani kufundishwa na mwalimu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ninaoufahamu ulitoka Uingereza. Kati ya mwaka 2003 na 2008, watafiti wa Taasisi ya Elimu ya London wakiongozwa na Peter Blatchford walichunguza kazi za walimu wasaidizi, na sehemu moja ya utafiti huo ilifuatilia maendeleo ya wanafunzi wapatao 8,200. Matokeo yaliwashtua wengi. Wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo zaidi kimasomo kuliko wenzao waliofanana nao lakini waliopata msaada kidogo, hata baada ya watafiti kuzingatia kiwango walichoanza nacho na aina ya mahitaji yao. Haiwezekani basi kujibu kwamba waliosaidiwa sana walibaki nyuma kwa sababu walikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa hilo lilikuwa limeshaingizwa katika hesabu. Maelezo yaliyobaki ni kwamba mpango wenyewe wa msaada ulikuwa na kasoro.

Kasoro hiyo inaeleweka kirahisi mtu akiangalia kinachotendeka ndani ya kipindi. Msaidizi anapoketi na mwanafunzi, mwalimu huamini kwamba mwanafunzi huyo ana mtu wake, hivyo humwelekezea maswali machache, humtembelea mara chache na hukagua kazi yake baada ya kazi za wengine wote. Msaidizi, kwa upande wake, mara nyingi huingia darasani bila kuelezwa somo linahusu nini, akajifunza mada wakati uleule anaomfundisha mtoto. Anachokazania ni kazi ikamilike kabla ya kengele, kwa sababu daftari lililojaa ndilo ushahidi pekee wa kazi yake. Basi humpa mtoto jibu nusu, au lote, au humwandikia. Mwalimu aliyeandaliwa angeuliza swali, akanyamaza, akauliza tena kwa namna nyingine, akaacha mtoto ahangaike kidogo na wazo. Mtu aliyetumwa kuhakikisha kazi inaisha hana nafasi ya kufanya hivyo. Matokeo yake ni mwanafunzi anayehitaji ufundishaji bora kuliko wote kukabidhiwa kwa mtu aliyepewa mafunzo machache kuliko wote shuleni. Hakuna mzazi wa mtoto asiye na ulemavu ambaye angekubali mpango kama huo, na sioni kwa nini wazazi wengine watarajiwe kuupokea kwa shukrani.

Lawama haiwaendei wasaidizi. Wengi wao hulipwa kidogo, hawapewi muda wa kukutana na mwalimu, na bado ndio wanaomjua mtoto vizuri kuliko mtu mwingine yeyote shuleni. Wapo pia wanafunzi ambao bila msaidizi hawawezi kuwa shuleni kabisa: anayehitaji kulishwa kwa mrija, anayehitaji kuhamishwa kutoka kwenye kitimwendo hadi chooni, anayepata degedege na ambaye lazima awe karibu na mtu anayejua la kufanya. Huduma hiyo ni ya lazima na haiwezi kubadilishwa na ufundishaji mzuri. Kosa ni kuichukua kazi ya kutunza mwili na usalama, ambayo msaidizi anaifanya vyema, na kuibandika juu yake kazi ya kufundisha kusoma na hesabu bila kumwandaa.

Akiandaliwa, mambo hubadilika. Wasaidizi waliofundishwa programu mahususi, kwa mfano ya kuunganisha sauti na herufi, na wakaitekeleza kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara kwa mwanafunzi mmoja au kikundi kidogo, wameonekana kuongeza maendeleo ya miezi mitatu hadi minne zaidi katika mwaka, kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na shirika la Education Endowment Foundation la Uingereza. Mtu ni yuleyule na mshahara ni uleule. Kilichoongezeka ni mafunzo, mpangilio na uhusiano wa kipindi hicho na kile ambacho mwalimu anakifundisha darasani.

Italia ilijaribu kulitatua jambo hili kupitia sheria. Mwaka 1977, kwa sheria namba 517, nchi hiyo iliondoa madarasa maalumu na kuwapeleka wanafunzi wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida. Mwalimu wa usaidizi anayepangwa huko huhesabiwa kisheria kuwa mwalimu wa darasa zima, mwenye wajibu sawa na wenzake, na hapaswi kuwa mlezi wa mtoto mmoja. Hayo ni mawazo mazuri sana, na ninayaunga mkono bila kusita. Hata hivyo, walimu na watafiti wa Italia wenyewe wamelalamika kwa miaka mingi kwamba katika shule nyingi mwalimu huyo huishia kuitwa mwalimu wa yule mtoto, na asipofika siku moja mtoto huonekana hana mwalimu. Sheria ilihamisha watu na madawati, lakini mazoea ya walimu wa masomo kukabidhi wajibu wao kwa mwingine yalibaki pale pale.

Wajibu huo unamaanisha nini kwa vitendo? Tuanze na tatizo lisiloonekana kwa macho. Tafiti zinakadiria kwamba takriban asilimia 7 ya watoto wana ugumu wa kukuza lugha usiotokana na uziwi wala ulemavu wa akili, yaani kama wawili katika darasa la watoto 30. Mtoto wa aina hii husikia vizuri, hucheza na wenzake, na mara nyingi huitwa mzembe au mkaidi, kwa sababu mwalimu akitoa maagizo manne kwa mkupuo mmoja yeye hushika la kwanza na la mwisho. Msaada wake mkubwa ni mwalimu anayetoa agizo moja, akasubiri, akaandika hatua ubaoni, akafundisha maneno mapya ya mada kabla mada haijaanza, na akamtaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kile alichokielewa badala ya kumuuliza kama ameelewa. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji mtu wa ziada. Vyote vinahitaji mwalimu anayejua kwamba watoto hawa wapo.

Mwanafunzi asiyeona hukosa somo zima la hesabu mwalimu anaposema chukua hiki uweke hapa, lakini hulifuata akisema chukua namba 8 uiweke chini ya namba 24. Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu anayesoma midomo hupoteza maelezo kila mara mwalimu anapozungumza huku ameuelekea ubao, au anaposimama dirishani jua likiwa nyuma yake na uso wake ukawa kivuli kitupu. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, hahitaji kusikia kwamba ajitahidi zaidi. Anahitaji kufundishwa kwa utaratibu uhusiano wa sauti na herufi, na wakati huohuo kupata maarifa ya historia na sayansi kwa njia ya kusikiliza ili udhaifu wa kusoma usimnyime masomo yote. Mwenye usonji anayefunika masikio kila kengele inapolia hafanyi hivyo kwa utovu wa nidhamu, na ratiba ya siku iliyoandikwa mahali anapoiona inaweza kumwondolea hofu ambayo adhabu ingeizidisha. Mwenye mtindio wa ubongo, ulemavu unaoathiri udhibiti wa misuli, anaweza kulijua jibu la hesabu kikamilifu na akakosa alama kwa sababu mkono wake hauwezi kuliandika kwa muda uliowekwa. Mtihani wa hesabu ukigeuka kuwa mtihani wa kasi ya mkono, shule imepata alama isiyosema chochote kuhusu hesabu.

Ninayataja haya kwa urefu kwa sababu huwa yanapita bila kuonekana katika mijadala ya sera. Sera hupenda kuzungumzia utambuzi, vyeti na mafungu ya fedha. Utambuzi una thamani yake, na mtoto aliyeishi miaka mingi akijidhania mjinga hupata utulivu mkubwa akijua kwamba shida yake inajulikana na ina jina. Tatizo linaanza pale cheti kinapokuwa ufunguo wa mlango wa msaada wowote, kwa maana kuanzia hapo kila mtu, mzazi, shule na serikali, huelekeza nguvu zake kwenye cheti.

Uingereza inatoa funzo katika hili pia. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano angehitaji msaada wa kielimu wa aina fulani wakati fulani katika maisha yake ya shule, ikapendekeza watoto watazamwe kwa mahitaji yao ya kujifunza badala ya kupangwa kwa makundi ya ulemavu wa kitabibu. Sheria ya mwaka 1981 iliyofuata ikaanzisha hati rasmi ya mahitaji ya mtoto, iliyokusudiwa wachache wenye mahitaji makubwa. Mwaka 2005 Warnock mwenyewe aliandika kwamba mfumo aliosaidia kuujenga ulikuwa na kasoro zilizohitaji kuangaliwa upya, zikiwemo hati hizo. Mageuzi ya mwaka 2014 yakaleta mpango mpana zaidi wa elimu, afya na huduma, wenye kikomo cha wiki 20 tangu ombi hadi mpango kukamilika. Leo zaidi ya wanafunzi milioni 1.7 katika shule za England wametambuliwa kuwa na mahitaji maalumu, wengi wao wakiwa hawana mpango huo, wiki 20 mara nyingi hupita bila mpango kutolewa, na familia nyingi huishia kwenye baraza la rufaa. Mzazi mwenye muda, elimu na fedha za kumlipa mwanasheria hushinda. Mtoto wa mzazi asiye na hivyo hukaa nyuma ya darasa akisubiri, ingawa huenda shida yake ni kubwa zaidi.

Ufini ilichukua njia nyingine. Kwa miaka mingi walimu wa elimu maalumu nchini humo wamekuwa wakifanya kazi ndani ya shule za kawaida na kumpokea kwa muda mwanafunzi yeyote anayekwama, bila kudai kwanza cheti cha daktari, na kuanzia mwaka 2011 hadi 2025 sheria iliupanga msaada katika ngazi tatu, kutoka ule wa jumla hadi ule maalumu. Ninauona uamuzi wa kutodai cheti kuwa ndio wenye hekima zaidi katika mfumo huo. Mtoto aliyekwama kusoma katika mwaka wa kwanza wa shule akipata wiki chache za kufundishwa kwa makini anaweza asihitaji tena msaada, ilhali akisubirishwa miaka mitatu ili hali yake iwe mbaya kiasi cha kustahili cheti, atakuwa amebeba mzigo wa kusoma na mzigo wa kukata tamaa kwa pamoja.

Hata mpango ulioandikwa kwa nia njema unaweza kuwa karatasi tupu. Sentensi kama mwanafunzi atasaidiwa kuboresha usomaji wake haimwambii mtu yeyote afanye nini, na haiwezi kuvunjwa kwa sababu haiahidi kitu. Nchini Marekani, ambako kila mtoto anayestahili elimu maalumu lazima awe na mpango wake wa elimu, baadhi ya mahakama zilikuwa zimeridhika na mpango unaoleta maendeleo kidogo tu yanayozidi sifuri. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F. dhidi ya wilaya ya shule ya Douglas County, Mahakama ya Juu ilikataa kipimo hicho kwa kauli moja na kuamua kwamba mpango lazima uwe umeandaliwa kwa namna inayoweza kumwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Shule yoyote, iwe chini ya sheria hiyo au la, inaweza kujiuliza swali lilelile: mwanafunzi huyu anafanya nini sasa, atakuwa anafanya nini mwisho wa muhula, nani atamfundisha hatua za katikati, mara ngapi kwa wiki, na tutajuaje kwamba haijafaulu ili tubadilishe njia? Mpango usiojibu maswali hayo haustahili saini ya mzazi.

Hapa ni lazima nizungumzie viziwi, kwa sababu wao huonyesha wazi kwamba kumweka mtoto darasani na wengine si sawa na kumjumuisha. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kwamba ufundishaji kwa mdomo uchukue nafasi ya lugha ya alama. Watoto wa vizazi kadhaa wakapoteza miaka yao ya shule wakijifunza kutamka maneno wasiyoyasikia, huku wakikatazwa, na mara nyingine wakipigwa mikono, kwa kutumia lugha waliyoielewa. Ni mwaka 2010 tu, mjini Vancouver, ambapo mkutano wa mfululizo uleule ulipoyakataa rasmi maazimio hayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 24 kuwezesha kujifunza lugha ya alama na kufundisha katika mazingira yanayokuza kikamilifu maendeleo ya mtoto kielimu na kijamii. Mtoto kiziwi aliye peke yake katika shule ya wanaosikia, bila mwalimu wala mwenzake hata mmoja anayejua lugha ya alama, hana mtu wa kuzungumza naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Mkalimani akiwepo atamfikishia somo, lakini hawezi kumpa utani wa mapumziko, ugomvi wa kitoto na urafiki, mambo ambayo kwayo lugha hukua. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaotaka kila shule maalumu ifungwe kwa jina la elimu jumuishi, kama ambavyo siwezi kukubaliana na wanaozitumia shule hizo kuwa mahali pa kuwasahau watoto. Kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 2016 kwamba kumpeleka mtoto katika shule ya kawaida bila kuibadilisha shule yenyewe hakuwi ujumuishaji, na maelezo hayo yanafaa kusomwa na kila wizara inayojivunia idadi ya watoto waliohamishwa.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu ni mzigo wa mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, vitabu vichache na mtihani wa kitaifa unaomsubiri atauliza, kwa haki kabisa, apate wapi muda wa kumfikiria kila mmoja. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna karibu watoto milioni 240 wenye ulemavu, na kwamba uwezekano wao wa kutowahi kabisa kuhudhuria shule unazidi ule wa watoto wasio na ulemavu kwa asilimia 49. Mtu anaweza kusema kwamba kuzungumzia ubora wa ufundishaji ni anasa wakati wengi hawajafika hata mlangoni. Ninalielewa wazo hilo, lakini mambo haya mawili hayatenganishwi. Watoto wengi wenye ulemavu huandikishwa na kisha huacha, kwa sababu siku baada ya siku wanakaa katika chumba ambamo hakuna kinachosemwa kwa namna wanayoweza kuifuata, na mzazi anayelipa nauli kila siku ili mwanawe akae bila kufundishwa hufikia uamuzi wa kumbakiza nyumbani.

Kuhusu mzigo wenyewe, sitasema kwamba nia njema inatosha. Serikali zimekuwa hodari wa kuahidi na wavivu wa kulipa. Bunge la Marekani liliposema mwaka 1975 kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu ya umma bila malipo, liliahidi pia kugharimia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja ili kufidia matumizi ya ziada, na kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja hadi leo. Ikiwa nchi tajiri kiasi hicho imeshindwa kutimiza ahadi yake, mwalimu wa darasa lililofurika asilaumiwe kwa kuchoka. Lakini fedha zinapopatikana, hata kidogo, swali la zitumike wapi linabaki, na hapo ndipo ninapotofautiana na desturi iliyopo. Kitu cha kwanza cha kununuliwa ni muda: nusu saa kila wiki, ndani ya ratiba na ndani ya mshahara, ambayo mwalimu wa somo, mwalimu wa elimu maalumu na msaidizi wanakaa pamoja na kupitia masomo ya wiki ijayo, wakakubaliana ni wapi mtoto fulani atakwama na nani atafanya nini. Katika shule nyingi kikao hiki hufanyika kwenye korido, kwa dakika mbili, au hakifanyiki.

Cha pili ni kumbukumbu inayomfuata mtoto. Mwalimu hutumia miezi kugundua kwamba mwanafunzi wake husoma vizuri karatasi yenye rangi hafifu, au hufuata somo akiketi mbali na mlango, au hushindwa kabisa kujibu akiulizwa mbele za watu lakini hujibu vyema akipewa dakika moja ya kujiandaa. Mwaka unapokwisha, maarifa hayo hupotea, na mwalimu mpya huanza upya huku mtoto akilipia gharama ya kuanza upya huko. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha nyepesi, wenye mambo matano yaliyofaa na mawili yaliyoshindikana, ungetosha, na ungemfaa mwalimu mpya kuliko faili nene la ripoti za wataalamu ambalo hana muda wa kulisoma. Mwanafunzi mwenyewe anapaswa kushiriki kuuandika. Ibara ya 7 ya mkataba nilioutaja inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Shule nyingi humwita mzazi, mwanasaikolojia na mratibu kwenye kikao cha mpango, kisha mtoto wa miaka 12 akaambiwa asubiri nje, ilhali yeye ndiye anayeweza kuwaeleza kwamba msaidizi akiketi upande wake wa kulia humziba asiuone ubao, na kwamba angependa wakati wa kazi ya kikundi msaidizi huyo asogee kando kabisa ili wenzake wazungumze naye.